Mishale ya Saa Kumi

Watu wananiita Mchinjaji, na sina ugomvi na jina hilo. Wengine wanachinja mbuzi, mimi nachinja redio. Naletewa amplifaya iliyokufa, deki ya kaseti iliyokwisha kumeza kanda yake ya mwisho, redio ya mbao iliyokuwa ya babu wa mtu. Nafungua skrubu, natoa matumbo yote, nasafisha kasha, kisha ndani naweka bodi ndogo isiyozidi kiganja cha mtoto, inayocheza nyimbo kutoka kwenye kadi au kwenye simu bila waya. Nje kitu kinabaki vilevile, na vitufe vyake vizito na vioo vyenye mishale inayorukaruka kufuata sauti. Wateja wanataka sura ya zamani na masikio ya sasa. Sijaona ubaya wake.

Aliyeniita jina hilo kwanza ni kaka yangu, na hakuwa akinisifu. Kaka alikuwa fundi wa kutibu. Akiletewa redio iliyoungua nusu alikuwa tayari kuinamia meza wiki tatu akitafuta kipande kimoja cha kuifufua, na ikisha kufufuka anaiaga kwa mkono kama anamruhusu mgonjwa kutoka wodini. Kazi yote ninayoijua alinifundisha yeye. Alikuwa na sheria mbili ambazo ukizivunja hupati hata chai siku hiyo.

Ya kwanza ilikuwa: sikiliza kwanza, kata baadaye. Kabla ya kugusa skrubu, unganisha spika, chomeka kwenye umeme, washa, bonyeza kila kitufe, zungusha kila kishikio, hata kama kitu chenyewe kinanuka moshi. "Hata mgonjwa wa kufa huulizwa anaumwa wapi," alikuwa akisema. Ya pili: ukimaliza kazi, kabla ya kufunga, andika kwa penseli upande wa ndani wa kifuniko tarehe, ulichofanya, na jina lako. Atakayefungua miaka ishirini baadaye ajue nani alipita hapo.

Sheria zote mbili nilizishika hata baada ya kuachana naye. Tuliachana vibaya. Siku moja, mbele ya wateja watatu, alisema mimi si fundi, ni mchinjaji. Hasira zangu zinakaa karibu sana na mdomo. Nilimjibu kwamba afadhali mchinjaji kuliko mtu anayetibu maiti, na kwamba ipo siku watamkuta amelala katikati yao na hakuna atakayejua yupi ni yupi. Wateja walicheka. Kaka hakucheka. Sikujua kwamba wiki ile ile alikuwa amepimwa hospitalini na kuambiwa kilichokuwa kinamla. Nilibeba kisanduku changu cha zana nikaondoka, nikafungua karakana kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu.

Mwaka na nusu hatukusemezana. Kisha Jumapili moja simu yangu ikalia mlio mfupi, nikatazama, nikaona jina lake. Kaka, ambaye siku zote alisema simu ni ya kupigia na si ya kuhutubia, alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nikasema moyoni, haya, dakika nne za kusutwa, asante, nitasikiliza kesho. Jumatatu nilikuwa na kazi nyingi. Jumanne akafa.

Tangu siku hiyo sikuusikiliza na sikuufuta. Miezi saba ulikaa pale na kinukta chake cha buluu, na kila nilipofungua simu kutafuta namba ya mteja nilikipita kinukta kile nikiwa nimekaza macho, kama mtu anayepita mbele ya nyumba alikoiba kuku. Nilikuwa na hakika kwamba ndani yake kuna laana. Mtu anayekufa ana haki ya kulaani, na mimi nilikuwa nimemtengenezea sababu kwa mkono wangu.

*

Shemeji, mke wa kaka, alikuja Jumamosi asubuhi, amepakata kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha meza. Nilikijua kabla hajakifunua. Ilikuwa amplifaya ya kaka, yenye redio ndani yake, ile iliyokaa kwenye kabati la sebuleni kwao miaka yote, yenye uso wa rangi ya fedha na vioo viwili vya mita, kila kimoja na mshale wake mweusi. Kaka hakuruhusu mtu aiguse. Hata vumbi aliipangusa mwenyewe. Kila siku saa kumi alasiri aliiwasha, akavuta kiti, akasikiliza habari, na mtu yeyote katika nyumba ile hakuhitaji saa ya ukutani.

"Shemeji," alisema, "nataka unitengenezee kama unavyowatengenezea watu. Iimbe kwa simu."

"Kwani imeharibika?"

"Wala sijui. Siku ya msiba watu waliichomoa wakachomeka birika la umeme. Sikuirudisha tena. Niliifunika na kitambaa, basi." Aliketi kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi. "Nyumba imekuwa kimya mno. Nimechoka kusikiliza friji."

"Kaka angenitoa roho."

"Kaka yako hayupo. Anayekaa na hicho kitu ni mimi."

Nilicheka kidogo, naye akacheka kidogo, na nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Lakini alibaki ameketi, anakunja na kukunjua pembe ya kitambaa.

"Kuna kingine nataka kukuuliza. Huna sauti yake? Kwenye simu yako humo. Hata ya kugombana na mtu, mimi sijali. Nimeuliza watu wote. Picha ninazo tele, lakini zote amefunga mdomo. Miaka thelathini na moja, shemeji, na sasa naanza kusahau alivyokuwa ananiita. Nikijaribu kumsikia kichwani najisikia mwenyewe."

"Sina," nilisema.

Neno lilitoka upesi, na likishatoka halirudi. Ningemwambiaje? Ningempa simu, naye angesikia mume wake akinilaani kwa sauti ile ile aliyoitamani. Nilijiambia kwamba namhurumia yeye. Ukweli ni kwamba nilijihurumia mimi.

"Basi," alisema, akasimama. "Nitakuja Jumamosi ijayo."

*

Kazi niliianza Jumatatu, au tuseme nilijaribu. Niliiweka amplifaya juu ya meza chini ya dirisha. Sheria inasema uunganishe spika, uchomeke, usikilize. Nilikaa nikaitazama mashine ile kuanzia baada ya chakula cha mchana, na mkono haukunyanyuka. Nilimwona kaka amevuta kiti. Nikasema, leo tu, sheria ipumzike. Kitu kinakwenda kuchinjwa, cha kusikiliza ni nini? Nikachukua kitambaa nikaanza kusafisha uso wake, niwe nafanya kitu.

Saa kumi kamili mshale wa kushoto ulipanda.

Plagi ilikuwa juu ya meza, mbele ya macho yangu, nimeiviringisha mwenyewe. Hakuna spika, hakuna waya wowote uliotoka mle kwenda popote. Mshale ulipanda nusu, ukatetemeka, ukalala. Ukapanda tena. Wa kulia ukaufuata. Hakukuwa na sauti hata ya nzi. Mishale miwili ilikuwa inacheza kimyakimya nyuma ya vioo, nami nimeshika kitambaa, nywele zimenisimama kuanzia shingoni. Niliitazama saa kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Ilicheza dakika kumi na moja, ikalala.

Fundi hakosi sababu. Nilisema ni umeme uliobaki kwenye kapasita. Kapasita gani inashika umeme miezi saba? Jibu nilikuwa nalo, kwa hiyo swali sikuliuliza.

Jumanne nilimwita fundi cherehani, mpangaji wangu. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ubao mwembamba, na mama yule anajua mambo yangu kuliko ninavyoyajua mimi. Nilimwambia aje aone kitu. Alikuja na futi yake shingoni, akasimama karibu na mlango, na saa kumi ilipofika mishale ikaamka.

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani atakimbia.

"Huo sio muziki," alisema.

"Umejuaje?"

"Muziki hauvuti pumzi. Ona. Anaongea. Anaongea. Haya, kameza mate. Anaongea tena." Alisogea hatua moja. "Huyo mtu anamwambia mtu kitu, jirani."

"Mtu gani? Acha maneno yako."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nakwambia msikilize."

"Nitamsikilizaje na hana sauti?"

"Wewe si ndiye fundi?" alisema, akarudi kwake. Mpaka jioni nilimsikia akikanyaga cherehani kwa kasi kama ana sare za shule nzima.

Sasa niseme jambo ambalo limekuwa likinikosesha raha tangu hapo. Alichokiona fundi cherehani, mimi nilikiona kabla yake. Nimeitazama mishale ya aina ile karibu nusu ya umri wangu. Muziki unaisukuma kwa mpigo, na mtu anayesema anaisukuma kwa vipande, anapumzika, anaanza. Najua hata tofauti ya mtu anayesoma na mtu anayezungumza. Huyu alikuwa anazungumza, polepole, na alikuwa anachoka. Nilijua Jumatatu, nikajua Jumanne, na badala ya kujiuliza anasema nini nilijiuliza ananitaka nini.

*

Jumatano niliamua kumaliza. Nililegeza skrubu nne za kifuniko nikiwa nimegeuza uso, kwa kuwa nilijua upande wa ndani kuna mwandiko wa kaka, mistari ya penseli ya miaka yote, na sikutaka kuonana nao. Nilikiinua, nikakilaza kifudifudi sakafuni juu ya gazeti, mwandiko chini. Fundi yeyote aliyefundishwa na kaka angekisoma kifuniko kwanza. Mimi nilikifanya mkeka.

Ndani kulikuwa safi kuliko meza yangu. Kila waya umefungwa na mwenzake kwa uzi. Mmoja tu ulikuwa mgeni, mweupe, mwembamba, ulioanzia karibu na mita ukashuka ukapotea chini ya transfoma. Kiwanda hakikuuweka huo. Nyaya zote za kiwanda zilikuwa nyeusi, nyekundu na njano. Niliushika kwa plaiza nikawa naufuata kwa macho nione unakoelekea.

Saa kumi ikafika nikiwa vilevile, plaiza mkononi.

Mishale ilipanda. Safari hii ilikuwa karibu na pua yangu, nikaiona inavyosita, inavyosogea kidogo kama mtu anayetafuta neno, inavyoruka ghafla kama mtu aliyecheka. Kaka alikuwa anacheka hivyo, mara moja, kwa nguvu, kisha basi.

"Kaka, niache," nilisema kwa sauti, nikakata.

Waya mweupe ulikatika kwa mlio mdogo. Mishale ikaanguka pamoja, ikagonga mwanzo wa kipimo, ikatulia. Nilingoja dakika kumi na moja zote. Haikurudi. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilipika chai, nikainywa nimesimama, nikamgongea fundi cherehani ubao nikamwambia mgeni ameondoka.

Alhamisi kazi ilikwenda haraka. Nilitoa transfoma, na chini yake nikakuta kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha shati kuukuu. Ndani mlikuwa na bodi ndogo ya kijani na betri bapa. Bodi hiyo niliifananisha na zile za simu za zamani za ofisini, zile zilizokuwa zinapokea ujumbe mwenyewe asipokuwepo. Nikasema kaka na takataka zake. Nikakitupa kwenye debe la vipande, pamoja na waya mweupe. Mpaka Ijumaa jioni bodi yangu mpya ilikuwa ndani, imefungwa vizuri, na mishale nimeiunganisha nayo.

*

Shemeji alifika Jumamosi saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa amevaa vizuri, kama anakwenda kumpokea mtu kituoni. Nilimpa maji, nikaunganisha spika mbili, nikawasha, nikaiunganisha na simu yangu bila waya ili kumwonyesha. Wimbo ukatoka, safi kabisa, na mishale ikacheza nao. Shemeji akashika shavu.

"Inapendeza, jamani. Kumbe unajua kazi!"

"Ngoja nifunge kifuniko nikubebee mpaka nyumbani."

Nilizima wimbo. Penseli nilikwisha kuitoa sikioni. Kufunga bila kuandika sikuweza, maana sheria moja nilikuwa nimeivunja na ya pili ingekuwa ukosefu wa adabu kabisa. Kwa hiyo nilikigeuza kifuniko, na kwa mara ya kwanza nikakitazama.

Mistari ilikuwa mingi. Amebadilisha fyuzi, mwaka ule tulipohamia karakana kubwa. Amesafisha swichi. Amebadilisha mkanda wa kutafutia stesheni, na pembeni ameandika "na mdogo wangu", kwa kuwa siku hiyo nilimshikia tochi. Mwandiko wake ulikuwa wa kusimama wima, isipokuwa mstari wa mwisho, uliokuwa umelegea na kuteremka kama unateleza. Haukuwa na tarehe.

"Umeona nini?" shemeji aliuliza. "Mbona umekuwa hivyo?"

Nilimsomea. "Mdogo wangu, kabla hujakata sikiliza ujumbe wangu."

"Ujumbe gani?"

Nilikiweka kifuniko mezani.

"Shemeji. Ujumbe gani?"

Mara ya kwanza nilidanganya upesi. Mara ya pili sikuweza. Nilichukua simu, nikashuka mpaka kwenye jina lake, nikabonyeza kinukta cha buluu. Simu ilikuwa bado imeunganishwa na kasha. Kwa hiyo kaka hakutokea simuni. Alitokea kwenye spika mbili, chumba kizima, na mishale ikapanda.

"Hujambo, mdogo wangu. Najua umenuna. Nuna tu, lakini nisikilize maana pumzi yenyewe ni ya kuazima." Alikohoa. Shemeji alikwisha kusimama, mikono yote miwili mdomoni. "Ile amplifaya yangu nimeifungua. Usicheke. Nimeichinja, mimi mwenyewe, kidogo tu, pembeni." Akacheka, mara moja, kwa nguvu, kisha basi. "Unakumbuka ile bodi ya simu ya ofisini uliyoitupa, ukasema takataka? Haikuwa takataka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemrekodia shemeji yako humo. Kila siku saa kumi, akiwasha tu kama kawaida, nitamsemesha. Nimeiunganisha na mishale pia, ili hata umeme ukikatika aone kwamba nipo."

Shemeji alitoa sauti ndogo. Alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja.

"Sasa sikiliza kifundi. Ile bodi ni ya zamani, maneno yanashikiliwa na betri. Ikikatika hata sekunde moja, yote yanafutika, hayarudi. Na wewe nakujua, huwezi kukaa na kasha usilifungue. Ukilifungua, waya mweupe usiuguse, umeme wa betri unapita humo. Mweupe. Hamishia kwanza hayo maneno kwenye vidude vyako vya kadi, ambavyo havifutiki. Hilo mimi siliwezi, unaliweza wewe. Ukisha kuhamisha, basi, chinja unavyotaka, nimekuruhusu. Tena wakati unahamisha ziba masikio. Nimemwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia tangu nimuoe, wewe hayakuhusu." Mishale ililala, ikaamka. "Lile neno la maiti limekwisha. Tena lilikuwa zuri, nilicheka usiku peke yangu. Nipigie, mdogo wangu."

Ikaisha.

Miezi saba nilikuwa nimeogopa laana, na laana haikuwemo hata moja. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilisimama pale, nikasikia karakana yote, hata maji yakidondoka uani.

Shemeji alijifuta uso kwa kiganja. Alivuta kiti cha wateja mpaka mbele ya meza, akakikalia, akaweka mikono mapajani, akatazama saa yangu ya ukutani.

"Saa kumi kasoro dakika nne," alisema. "Tumngoje."

Alikuwa na sura ya msichana. Sijui kama nimewahi kuona uso wenye furaha namna ile, na nilikuwa mimi niliyetakiwa kuuzima.

Nilileta debe. Nililiinamisha nikamwaga mezani, na vipande vikasambaa: skrubu, swichi, bodi ya kijani, betri, na waya mweupe wenye ncha iliyokatwa.

"Nimeukata, shemeji."

Aliutazama, haelewi. Kisha akaelewa.

"Lini?"

"Jumatano."

"Ulikuwa hujui."

"Kuhusu waya nilikuwa sijui. Lakini mishale niliiona. Siku tatu, saa kumi, na haikuwa kwenye umeme. Nilijua ni mtu anaongea. Niliogopa nikakata."

"Na huu ujumbe? Ulikuwa nao tangu lini?"

"Tangu kabla hajafa."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, angenirushia debe, angeniita jina langu lile kwa maana yake yote. Alichukua bodi ya kijani akaiweka sikioni, akaishikilia hapo. Aliniuliza kama hakuna njia, nikamwambia hakuna. Aliniuliza kama fundi mwingine, mkubwa zaidi, hana njia, nikamwambia huyo fundi alikuwa kaka. Saa kumi ikafika, ikapita. Mishale haikutikisika, na upande wa pili wa ubao cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ilikuwa inachezaje?" aliuliza hatimaye.

"Shemeji..."

"Siku tatu umeiona. Mimi sikuiona hata moja, niliifunika na kitambaa. Nionyeshe."

Niliketi mkabala naye. Niliinua vidole viwili, vya shahada, kimoja kila mkono, nikajaribu kukumbuka. Nilivipandisha nusu, nikavitetemesha, nikavilaza. Nikavipandisha tena. Nilisita pale aliposita, nikavuta pumzi pale alipovuta pumzi, nikavirusha juu pale alipocheka. Shemeji alivifuata vidole vyangu kwa macho bila kupepesa, midomo yake ikisogea kidogo, kama anasoma. Nilipofika mahali ambapo sikukumbuka tena niliviteremsha mezani. Hata dakika moja ilikuwa haijatimia.

"Alisema kwa muda gani?" aliuliza.

"Dakika kumi na moja."

Aliitazama saa, kisha akavitazama vidole vyangu.

"Basi zimebaki kumi," alisema. "Endelea."